Bunduki Mpakani: Historia ya Sheria ya Kuuziana Silaha baina ya Majimbo ya Marekani

Katika mji wa Texarkana, kusini mwa Marekani, ipo barabara moja ambayo upande wake mmoja ni jimbo la Texas na upande wa pili ni jimbo la Arkansas. Jina lake ni State Line Avenue, yaani Njia ya Mpaka wa Jimbo. Juu ya mpaka huo limejengwa jumba la posta na mahakama ya serikali ya shirikisho, nusu yake katika Texas na nusu katika Arkansas, hata mtu apitaye ukumbini aweza kuhama jimbo pasipo kuhisi lolote. Hapana lango wala askari wa forodha. Jirani wa upande huu akitaka kumwuzia jirani wa upande ule kitanda, kabati au mbwa wa kuwindia, humpokea fedha akampa kitu chake, na biashara imekwisha. Lakini kitu chenyewe kikiwa ni bunduki ya kuwindia kulungu, ile barabara hugeuka ukuta. Hata wakiwa marafiki tangu utoto, na hata bei ikiwa ni dola 50 tu, wakikabidhiana mkono kwa mkono hali wanajua sheria imekataza, kila mmoja wao amejiweka katika hatari ya kifungo kiwezacho kufika miaka mitano.

Jambo hili humshangaza mtu aliyezoea nchi yenye sheria moja ya silaha, kama Tanzania, ambako atokaye Tanga kwenda Moshi hahami sheria. Humshangaza zaidi akiambiwa kwamba jirani yule yule wa Texas aweza kumwuzia bunduki hiyo mtu wa Texas mwenziwe, hata akiwa hakumwona kabla ya siku hiyo, na sheria ya shirikisho haimtaki aandike wala aulize jina. Akaaye hatua 20 ng'ambo ya barabara ni mgeni; akaaye El Paso, mwisho kabisa wa Texas upande wa magharibi, ni mwenyeji. Sheria iliyofika mahali kama hapo haikufika kwa mantiki peke yake. Ilisukumwa huko hatua kwa hatua, na aghalabu kilichoisukuma ni maiti.

Asili ya mambo ni Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787. Waandishi wake hawakuipa Kongresi, yaani bunge la shirikisho, mamlaka ya polisi juu ya kila mtaa na kila nyumba. Mamlaka hayo yalibaki kwa majimbo. Bali waliipa Kongresi uwezo wa kusimamia biashara baina ya nchi na nchi na baina ya jimbo na jimbo. Kwa hiyo serikali ya Washington ilipotaka kuigusa silaha ilikuwa kama mvuvi asiyeruhusiwa kutega baharini ila penye mlango wa mto: yampasa amngojee samaki pale anapopita. Mahali pa kupita ni mpaka wa jimbo. Tena yapo Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha na kuzichukua. Kati ya mambo hayo mawili, sheria ya bunduki ya Marekani imekuwa ikijibanza kwa muda wa karibu miaka 100.

Hatua za kwanza zilikuwa ndogo. Mwaka 1927 posta ilikatazwa kuchukua bastola na silaha nyingine zinazofichika mwilini. Wafanya biashara wakazipeleka kwa kampuni za kuchukua mizigo, na mambo yakaendelea. Mwaka 1934, baada ya vita vya majambazi waliokuwa wakiuza pombe iliyopigwa marufuku, ikatungwa sheria ya kodi: bombomu, bunduki zilizofupishwa mitutu na vizuia mlio vikatozwa dola 200 kila vinapohama mkono, fedha nyingi mno kwa siku hizo. Mswada wa kwanza ulizitaja bastola pia, nazo zikaondolewa. Bunduki ya kawaida ya mkulima na mwindaji haikuguswa.

Sheria hiyo ya 1934 ndiyo iliyoleta shauri la kwanza kubwa, nalo lilikuwa shauri la kuvuka mpaka. Mwezi wa Aprili 1938 watu wawili, Jack Miller na Frank Layton, walitoka Claremore katika jimbo la Oklahoma wakaenda Siloam Springs katika jimbo la Arkansas, na katika mizigo yao mlikuwamo bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu, isiyoandikishwa wala kulipiwa kodi. Jaji wa Arkansas aliifuta hati ya mashtaka akisema kwamba sheria yenyewe inapingana na Marekebisho ya Pili. Serikali ikakata rufani kwenye Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Siku ya kusikilizwa, upande wa washtakiwa hapakuwa na mtu wala karatasi: hawakuwa na fedha za kumleta wakili Washington. Miller mwenyewe aliuawa kwa risasi mwezi wa Aprili 1939, na mwezi uliofuata Mahakama ikaamua kwamba Serikali imeshinda, kwa kuwa haikuonyeshwa kwamba bunduki ya namna ile ina manufaa yoyote kwa jeshi la raia. Si kawaida kwa taifa kubwa kupata hukumu ya msingi juu ya haki ya Katiba katika shauri ambalo upande mmoja haukusema hata neno, naye mwenye shauri akiwa kaburini. Hukumu hiyo ilisimama kwa miaka karibu 70, mpaka mwaka 2008 Mahakama ile ile ilipoamua kwamba haki ya kuwa na silaha ni ya mtu mmoja mmoja. Hata hivyo ilitahadharisha kwamba uamuzi huo haukukusudiwa kuzitia shaka sheria zinazoweka masharti ya biashara ya silaha.

Mwaka 1938 Kongresi ilizigeukia silaha zote. Mwuzaji atakaye kupeleka silaha nje ya jimbo lake alitakiwa akate leseni ya dola 1 kwa mwaka na kuweka daftari la mauzo. Alikatazwa kumpelekea mtoro wa sheria au mtu aliyepata kuhukumiwa kwa kosa la jeuri, iwapo anajua au ana sababu ya kuamini kwamba huyo ndiye. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa tundu kubwa katika wavu. Mwuzaji hakuamriwa kumchunguza mnunuzi, na asiyeuliza hajui. Kongresi ilijaribu kuliziba tundu jingine kwa kuandika kwamba mhalifu akikutwa na silaha, kukutwa nayo kutakuwa ushahidi kwamba ilivuka mpaka. Mwaka 1943, katika shauri la Tot, Mahakama Kuu ilikikataa kifungu hicho: mtu aweza kuinunua bastola katika mji wake mwenyewe, wala hapana akili inayolazimisha kudhani kwamba imetoka mbali. Mpaka wa jimbo ulikuwa umegeuka kitu cha kuthibitishwa mahakamani, kama alama ya kidole.

Baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi ya Ulaya yalikuwa na maghala ya bunduki za zamani zisizo na kazi. Zilinunuliwa kwa bei ya chuma chakavu zikaletwa Marekani, zikauzwa kwa matangazo ya magazeti. Viwanda vya bunduki vya New England vikalia. Mwaka 1958 Seneta mmoja wa Massachusetts alipeleka mswada wa kuzuia bunduki za kijeshi zisiingizwe kutoka nchi za ng'ambo. Shabaha yake ilikuwa kuwalinda wafanya kazi wa jimbo lake, si kuzuia mauaji, na sheria iliyotokea ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka. Jina la Seneta huyo ni John F. Kennedy.

Mwezi wa Machi 1963 duka la Klein's la Chicago lilipokea kikaratasi cha maagizo kilichokatwa katika gazeti la American Rifleman la Februari, pamoja na hawala ya posta ya dola 21 na senti 45: dola 19 na senti 95 kwa bunduki na darubini yake ya kulengea, na dola 1 na senti 50 za kuipelekea. Bunduki ilikuwa Mannlicher-Carcano ya jeshi la Italia, iliyotengenezwa Terni mwaka 1940, yenye namba C2766. Mwagizaji alijiita A. Hidell, na anwani yake ilikuwa sanduku la posta namba 2915, Dallas, Texas. Duka likaandika jina katika daftari, likapeleka mzigo mwendo wa maili 800 hivi. Hapana aliyemwona mnunuzi uso kwa uso. Duka lilikuwa na leseni, na kupeleka bunduki Texas kwa njia ile halikuwa kosa. Daftari liliwekwa kama sheria ilivyotaka. Upungufu ulikuwa mmoja tu, kwamba mtu aliyeandikwa humo hakuwako duniani. Hidell lilikuwa jina la kubuni la Lee Harvey Oswald, na tarehe 22 Novemba mwaka huo Rais Kennedy aliuawa Dallas kwa bunduki ile ile, kama ilivyoamua tume ya Jaji Mkuu Earl Warren mwaka 1964.

Watu wengi hudhani kwamba sheria ilibadilika mara moja. Haikuwa hivyo. Seneta Thomas Dodd wa Connecticut, jimbo lenye viwanda mashuhuri vya silaha, alikuwa amekwisha kuanza mwaka 1961 kuichunguza biashara ya silaha za kuagiza kwa posta, na mwezi wa Agosti 1963 alikuwa ameleta mswada uliogusa bastola peke yake. Baada ya Novemba akaongeza bunduki ndefu. Hata Franklin Orth, mkuu wa utendaji wa chama cha wenye bunduki kiitwacho NRA, aliunga mkono kuzuiwa kwa maagizo ya namna hiyo, na wanachama wake wengi wakamghadhibikia. Barua zikamiminika Washington kutoka majimbo ya mashamba na mapori, ambako duka la silaha lilikuwa mbali na gazeti la maagizo ndilo lililokuwa duka. Watu hao wasidharauliwe: mkulima wa Montana aliyeagiza bunduki Chicago hakuwa na nia mbaya kuliko aliyeagiza jembe. Mswada ukalala miaka minne na zaidi.

Ulioamka nao ni mwaka 1968. Mwisho wa Machi, mfungwa aliyetoroka gereza la Missouri, James Earl Ray, aliingia katika duka la Birmingham, Alabama, akajiita Harvey Lowmeyer, akanunua bunduki. Kesho yake akairudisha akabadilishiwa nyingine yenye nguvu zaidi, Remington. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa Memphis, katika jimbo la Tennessee. Mwezi wa Juni Seneta Robert Kennedy akauawa Los Angeles kwa bastola. Ndani ya majuma machache sheria ya bastola ilikuwa imekwisha kupita, na tarehe 22 Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya udhibiti wa silaha ambayo ndiyo nguzo mpaka leo. Siku hiyo hiyo alinung'unika hadharani kwamba hakupewa alichokiomba, yaani kila bunduki iandikishwe na kila mwenye nayo awe na leseni.

Kwa kuwa haikuwezekana kumwandikisha mwenye bunduki, Kongresi ilimsimamisha shahidi mpakani. Shahidi huyo ni mwuza silaha mwenye leseni ya shirikisho. Mtu asiye na leseni alikatazwa kumwuzia, kumbadilishia, kumpa au kumkabidhi silaha mtu mwingine asiye na leseni ikiwa anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba mtu huyo hakai katika jimbo lake. Naye mnunuzi alikatazwa kuileta nyumbani silaha aliyoipata kwa njia hiyo nje ya jimbo lake. Kuagiza kwa posta kukafa. Atakaye kumwuzia bunduki mtu wa jimbo jingine hana budi kuipitisha kwa mwuzaji mwenye leseni. Aweza hata kumpelekea kwa posta mwuzaji aliye katika jimbo la mnunuzi. Mwuzaji huiandika katika daftari lake kana kwamba ni mali yake, mnunuzi hufika mwenyewe, huonyesha kitambulisho, hujaza hati ya serikali na kutia sahihi. Tangu mwisho wa Novemba 1998, kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1993 yenye jina la James Brady, jina lake huulizwa kwanza katika kumbukumbu za wahalifu, ndipo akabidhiwe. Mwuzaji hutoza ada yake kwa kazi hiyo, maana si sadaka.

Kwa bastola kukabidhi huku hufanyika katika jimbo la mnunuzi tu. Kwa bunduki ndefu sheria ilikuwa laini tangu mwanzo. Mwaka 1968 iliruhusu mtu kuinunua kwa mwuzaji mwenye leseni wa jimbo linalopakana na lake, ikiwa sheria za jimbo lake mwenyewe zimekubali. Hata mwindaji alikumbukwa: aliyekuwa mawindoni katika jimbo la ugenini, bunduki yake ikapotea, ikaibwa au ikaharibika, aliweza kununua nyingine huko huko kwa kuandika kiapo. Mtu aweza kuwaona maseneta wa majimbo ya milima wamekaa mezani wakimfikiria rafiki yao aliyekwama porini. Mwaka 1986, zama za Rais Reagan, sharti la kupakana likafutwa. Tangu hapo mtu wa Ohio aweza kununua bunduki ndefu kwa mwuzaji mwenye leseni wa Wyoming, mradi waonane ana kwa ana na sheria za majimbo yote mawili zifuatwe. Mzigo wa kuzijua sheria hizo umewekwa juu ya mabega ya mwuzaji.

Kwa hiyo majirani wa Texarkana hawakuzuiwa kuuziana; wamezuiwa kuuziana peke yao. Waende wote wawili kwa mwuza silaha wa upande wowote wa barabara, naye akiwatosheleza majimbo na shirikisho, bunduki itahama. Wengi hawajui hayo, na kosa la kutojua huonekana zaidi ndani ya jamaa. Neno "kumpa" limo katika sheria pamoja na neno "kumwuzia". Baba akaaye Arkansas, aliyechoka kuwinda, hawezi kumkabidhi mwanawe akaaye Texas bunduki ya babu yao siku ya sikukuu, ingawa hakuna senti iliyotoka mfukoni. Aweza kumwazima kwa muda kwa ajili ya mawindo halali. Lakini baba huyo akifa, mtoto aweza kuirithi na kuichukua moja kwa moja, kwa wosia au bila wosia, maadamu si mtu aliyekatazwa silaha na jimbo lake halikuikataza silaha yenyewe. Tena ikiwa bunduki imetengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, sheria hii huihesabu kuwa kitu cha kale, na baba aweza kuitoa apendavyo. Ya mwaka 1899 imeshikwa.

Ugumu mwingine ni swali la nani anakaa wapi. Makao ni pale mtu alipo na nia ya kupafanya kwake. Mwenye nyumba mbili katika majimbo mawili, akikaa kwa zamu, huwa mkazi wa huku akiwa huku, na wa kule akiwa kule. Askari jeshi huhesabiwa kuwa wa jimbo la kituo chake cha kazi. Na mnunuzi akimdanganya mwuzaji wa mtaani kwamba wao ni wa jimbo moja, mwuzaji asiyekuwa na sababu ya kushuku hana kosa, wala sheria ya shirikisho haimlazimishi kudai kitambulisho. Lile tundu la mwaka 1938, la asiyeuliza, halijazibwa hapo. Baadhi ya majimbo, kama California, yameliziba kwa sheria zao kwa kutaka mauzo yote yapitie kwa mwenye leseni. Mengi hayakufanya hivyo.

Jinsi mahakama zinavyomthamini yule shahidi mpakani ilionekana mwaka 2014 katika shauri la Abramski. Mtu huyo, aliyepata kuwa askari polisi Virginia, alimnunulia bastola mjomba wake wa Pennsylvania kwa sababu alitumaini kupunguziwa bei. Mjomba alimletea hundi ya dola 400. Katika hati ya serikali Abramski aliandika kwamba mnunuzi halisi ni yeye. Kisha akaipeleka bastola Pennsylvania, akamkabidhi mjomba mbele ya mwuzaji mwenye leseni, na jina la mjomba likachunguzwa likaonekana safi. Wote wawili walikuwa watu wenye ruhusa ya kuwa na silaha, wala mpaka haukuvukwa kwa siri. Hata hivyo majaji 5 dhidi ya 4 walimtia hatiani kwa lile jibu moja katika hati. Waliobaki wachache walisema kwamba uongo usiomficha mhalifu yeyote haukuwa wa maana kisheria. Wengi walijibu kwamba daftari la mwuzaji likiandikwa jina la asiyekuwa mnunuzi, sheria nzima imepoteza macho. Hoja ya wachache ina huruma. Lakini mtu akiikumbuka hati ya A. Hidell, ni vigumu kuwalaumu waliokuwa wengi.

Maana bunduki ile ya Hidell nayo iliwahi kushtakiwa kwa jambo hilo hilo. Baada ya mauaji, mkusanyaji mmoja wa silaha kutoka Colorado alipatana na mjane wa Oswald huko Texas amwuzie haki ya kuimiliki, mtu binafsi kwa mtu binafsi, jimbo hadi jimbo, wakati hayo yalikuwa bado halali. Serikali iliyokuwa nayo ikakataa kuitoa. Kongresi ilitunga sheria mwaka 1965 ya kuiwezesha Serikali kuvimiliki vielelezo vya Tume ya Warren, na wakati huo huo mawakili wa Serikali walikwenda mahakamani Texas wakidai kwamba bunduki imepotezwa na mwenyewe tangu Machi 1963, kwa kuwa aliyeiagiza kwa jina la uongo alilifanya daftari la duka la Chicago kuwa la uongo, kinyume cha sheria ya mwaka 1938. Jaji wa kwanza aliikubali hoja hiyo mwaka 1966, na mashauri yakaendelea mpaka katika mahakama za rufani. Katika vitabu vya hukumu shauri hilo halikuandikwa kwa jina la Oswald wala la mjane wake. Limeandikwa kwamba ni Marekani dhidi ya Bunduki Moja ya Kijeshi ya Mannlicher-Carcano ya milimeta 6.5. Mshtakiwa huyo yumo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko College Park, katika jimbo la Maryland.